Kukopi picha za watu ndo kujifunza au ndo kujiharibu jicho? Wapiga picha wa Mtwara na Lindi njooni hapa

#1 Korosho_Mbichi
Wakuu habari za saa hizi, kuna jambo linanikera nataka tulichambue bila matusi.

Jumamosi yoyote ya msimu wa harusi nenda Mikindani pale kwenye boma la Mjerumani, lile la 1895. Utakuta maharusi wanasubiriana zamu na picha wanayopigwa ni moja tu, bibi harusi kageuza mgongo, uso kaurudisha begani, halafu kuna dogo anarusha shela juu na kutimua mbio atoke kwenye fremu kabla mpiga picha hajabonyeza. Studio tofauti, bei tofauti, picha ileile. Juzi nimekutana na moja mtandaoni, ndala ya dogo imebaki kwenye kona na mwenye kazi kaiposti hivyohivyo na jina lake kubwa chini eti ubunifu.

Sasa mimi nina vijana wawili wanajifunza kwangu. Wa kwanza ukimpa kamera anafungua simu kwanza, anatafuta picha ya mtu Instagram, anafuatisha pozi, engo, rangi, mpaka kidole kilipokaa. Kazi zake zinauzika. Wa pili hataki hata kuziona picha za watu, anasema zitamchafua, yeye anatafuta staili yake. Huyo wa pili mara picha imeungua nyeupe yote, mara vichwa vimekatwa.

Msimamo wangu ni kwamba anayekopi hajifunzi kupiga picha, anajifunza kupanga watu. Anayepinga alete hoja.

#2 Ngalawa Haina Breki
Huyo wa pili asikanyage harusi ya kwetu, akimkata kichwa mjomba ndoa inavunjika palepale, si mnajua mjomba huku kwetu ni nani 😂😂

#3 Mpingo Mkavu
@Korosho_Mbichi nakukatalia. Mimi nimekulia kwenye banda la uchongaji, mzee wangu na baba zangu wadogo wote ni wachongaji, na hakuna hata mmoja aliyeanza na cha kwake. Unaanza na msasa, unasugua vinyago vya wakubwa mpaka mkono unajua shingo inaingiaje begani na wewe tindo hujawahi kuishika. Ukija kupewa kipande chako, mzee anachonga pale unaona na wewe unachonga hichohicho. Haelezi kitu. Ukimuuliza anakwambia angalia.

Na msije mkasema wachongaji hawana ubunifu. Zile shetani, vinyago vya mizimu, zinazouzwa mpaka Ulaya hazikuwepo tangu enzi na enzi, zilianza miaka ya 1950 na Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka upande wa Msumbiji. Kabla ya hapo alikuwa anachonga watu wa kawaida kama wenzake. Inasimuliwa kwamba kinyago kilimvunjikia, badala ya kukitupa akakiendeleza vilevile kikawa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Sasa niambie, mtu asiyejua kuchonga mkono mzima angekifanyia nini kile kilichovunjika?

#4 Dada wa Chuno
Nyie kaka zangu mnaongea sanaa, mteja mmemsahau. Mimi nafanya mapambo na mekapu, niko na hao wapiga picha wiki hadi wiki. Bibi harusi mwenyewe ndo anakuja na simu kaseivu picha za Wanaijeria, anakwambia dada nataka hii. Sio inayofanana na hii, HII. Ukimletea ubunifu wako shangazi zake watakuuliza mbona sura haionekani, kwani tumelipia giza? Huyo kijana wa kwanza ana akili zake timamu, anajua mkono unaomlipa.

#5 Korosho_Mbichi
Dada hapo umenigusa, ila hiyo ni biashara. Mi nauliza kujifunza.

#6 Dada wa Chuno
Unajifunzaje bila kula?

#7 Kangomba Mstaafu
Mnazunguka wakati jibu tunalo hapahapa kusini. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Mtwara huyu, alianza kuchora Dar 1968 kwa rangi za baiskeli, 1972 akapigwa risasi na polisi walidhani wanafukuza wezi, akafa. Miaka minne tu wakuu!! Sasa hizo chui na ndege mnazoziona Dar, Zanzibar, viwanja vya ndege, mahoteli, kachora nani? Ndugu zake na wanafunzi wake, wamekopi, na watoto wao wakakopi kwa hao, watu wamejenga na kusomesha kwa kukopi, na mpaka leo mchoro unaitwa kwa jina la yule mmoja na hakuna anayelia kaibiwa. Kukopi kumeilea sanaa nzima. Wangesubiri kila mmoja apate staili yake tungekuwa na fremu nne zimeoza stoo kwa mtu.

#8 Tunduru Moja Tu
Sahihisho mkuu @Kangomba. Tingatinga kazaliwa 1932 Tunduru, na Tunduru iko Ruvuma. Mna bandari, mna gesi, mna korosho, bado mnataka na mtu wetu?

Halafu sio kweli kwamba walikopi tu. Chukua mchoro wa miaka ya mwanzo na wa leo uweke pamoja. Mzee alikuwa anachora mnyama mmoja katikati, nyuma rangi kavu, basi. Leo ubao mmoja una kijiji kizima, soko, hospitali, samaki, mpaka unachoka kuangalia. Walianza kwa kukopi mkono ukawapeleka kwingine wenyewe hawajijui. Mkitaka wa kwenu mchukueni George Lilanga, Mmakonde, alianza na uchongaji baadae akazihamisha shetani kutoka kwenye gogo akaziweka kwenye rangi. Huyo kakopi au kabuni? Mi mwenyewe sijui nimweke wapi.

#9 Ngalawa Haina Breki
Kangomba kakamatwa na mzigo mpakani 😂

#10 Kangomba Mstaafu
Tunduru, Masasi, barabara ni moja bwana. Hoja ipo palepale.

#11 Babu Filamu
Shikamoo hamjanipa lakini nimezipokea.

Mimi nimeshika kamera wakati roli moja ni picha 36 na mwisho wa roli ndo mwisho wa maneno. Studio yetu Lindi mjini ilikuwa na pazia limechorwa ndege na maua, kila mteja anapiga na ndege hiyo, redio begani, mguu mmoja mbele. Pazia lenyewe tuliliona kwa mtu tukaenda kuchorewa la kwetu. Hakuna aliyesema wizi. Ukitaka kujua picha ni ya nani ulikuwa unaangalia mwanga, mimi mteja namsogeza karibu na mlango, mlango nusu umefunguliwa, nusu ya uso inapata mwanga nusu inapumzika. Mwenzangu yeye balbu mbili kavu usoni, mteja anatoka kama anahojiwa.

Na wakubwa ni hivyohivyo. Bamako kule Mali, Seydou Keïta alifungua studio 1948, pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake mwenyewe, anapigia uani kwa mwanga wa mchana. Akaja Malick Sidibé, mji uleule, alianzia kazi dukani kwa Mfaransa Gérard Guillat, yeye akatoka na flashi usiku kwenye madansa ya vijana. Wote wanapiga watu wa Bamako waliopendeza, lakini funika majina uniletee picha hata gizani nitakwambia ipi ya nani. Pozi linakopika. Mahali unapomsimamisha mtu kwa ajili ya mwanga, hapo ndo kuna kazi.

#12 Ngalawa Haina Breki
Shikamoo babu. Gizani utaonaje sasa

#13 Bamvua Kuu
Mimi napiga mandhari, harusi sina nazo habari, ngoja niwape kisa cha kukopi.

Niliiona picha ya kule Norwe, maji yamelainika yamekuwa kama moshi, boti imetulia katikati. Nikasema naipiga Mikindani kwa dau. Kamera juu ya tripodi, kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, shata, yaani mlango wa mwanga, nimeiacha wazi sekunde 30. Maji yakatoka vilevile kama ya Mnorwe, safi kabisa. Dau likatoka zimwi, mitumbwi mitatu mmoja ndani ya mwingine. Maana dau limeshikwa na nanga tu, wimbi likija linakwenda, likirudi linarudi, na sekunde 30 ni nyingi. Boti ya Mnorwe ilifungwaje, maji yake yana wimbi au hayana, picha haikwambii.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona nyavu pale akanicheka, akasema unalipigaje na lenyewe linacheza, subiri maji yakipwa. Kumbe siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ghuba ile inakauka mpaka mbali, dau linakaa kwenye tope. Unavizia maji yanapoanza kurudi, yanalizunguka dau lakini bado hayana nguvu ya kulinyanyua. Hapo una dakika chache tu, dau limekaa jiwe na maji yanatembea. Ukichelewa linaanza kunyanyuka mkia. Siku za maji mafu usijisumbue, hayatoki vya kutosha. Na kingine, bamvua huku maji yanakupwa kwenye saa 4 saa 5 asubuhi, jua linachoma, bila kichujio kizito shata ya sekunde 30 utapata karatasi nyeupe.

Sasa @Korosho_Mbichi, hapo nilikopi au sikukopi? Nisingeifuata ile picha nisingejua kama kupwa na kujaa kunaihusu shata.

#14 Korosho_Mbichi
Wewe hukukopi, wewe ulishindwa kukopi, na kushindwa ndo kulikokupeleka kwa yule mzee. Ingetoka siku ileile ungeposti ukarudi kulala.

#15 Mpingo Mkavu
Kwahiyo ukikopi ukashindwa ni mwanafunzi, ukikopi ukaweza ni mwizi? Mwalimu gani wewe 😂

#16 Korosho_Mbichi
@Mpingo sijasema mwizi, nimesema hajifunzi. Soma taratibu.

#17 Mtu wa Kitunda
Salaam kutoka ng'ambo ya Lindi. Mimi naona mnalaumu watu wakati tatizo ni jua. Vijana wanakopi picha za California, jua linazama baharini, mchumba kasimama kwenye maji. Haya, Lindi mjini bahari iko upande wa mashariki, jioni jua linazama nyuma ya vilima na mabati. Kuna kijana kanitafuta nimuelekeze sehemu ya "sanseti ya bahari" pale mjini, nikamwambia hiyo unaipata alfajiri, na Novemba jua linatoka kabla ya saa 12 kwahiyo amka mapema. Hajanitafuta tena. La sivyo panda mtumbwi vuka uje kwetu Kitunda, huku ukiangalia ng'ambo jua linazama juu ya mji na maji ya ghuba yako mbele yako, bure kabisa, lakini watu wa mjini kuvuka wanaona wanajishusha.

Na lingine. Sisi mwishoni mwa mwezi wa 2 na tena mwezi wa 10 jua la saa 6 mchana linasimama utosini kabisa, mtu macho yanakuwa mashimo, pua inamwagia kivuli mdomoni. Ulaya jua halifiki utosini hata siku moja, kwahiyo ile video ya Mjerumani anayekufundisha kupiga mtu mchana inafundisha jua la pembeni. Unamfuatisha kila kitu na picha inakuwa mbaya, unadhani kamera yako mbovu unakwenda kukopa ununue nyingine.

#18 Kangomba Mstaafu
Huyu ndo kanieleza kwanini picha zangu za mnada wa korosho watu wote wanaonekana wamefiwa.

#19 Bamvua Kuu
@Kangomba hao wa mnadani walikuwa wamesomewa bei mkuu, usiisingizie jua

#20 Priseti Sio Dini
Naongezea kwa @Mtu wa Kitunda, sio jua tu, na rangi. Zamani Kodak walikuwa wanazipelekea maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa kadi za Shirley. Fundi akisafisha picha analinganisha na ile ngozi, ikikaa vizuri basi mambo safi. Sisi tulikuwa tunatoka meno na macho. Kadi zenye watu wa rangi tofauti zilikuja baadae sana.

Sasa njoo leo. Kijana ananunua priseti, yaani mpangilio wa rangi uliotengenezwa tayari, za mtu wa ng'ambo kwa ajili ya programu ya kuediti ya Lightroom, anabonyeza mara moja, mama wa watu wa Tandahimba anatoka rangi ya chungwa, kangaa yake nyekundu imekuwa kahawia. Sio kosa la priseti, aliyeitengeneza alikuwa anaangalia ngozi nyingine na ukuta mwingine. Na kamera yenyewe ina ujinga wake, inataka kila inachokiona kiwe kijivu cha kati, kile kinachorudisha 18% ya mwanga. Bwana harusi mweusi akivaa kanzu nyeupe kamera inaiona kanzu, inaogopa, inapunguza mwanga, sura inabaki kwenye kiza. Lazima uongeze wewe mwenyewe au umwambie ipime usoni tu. Hiyo huwezi kuikopi kwenye picha ya mtu kwa sababu haionekani. Inaonekana ikikosekana.

Kwahiyo mimi nasema kopini lakini fungueni injini muangalie ndani.

#21 Dada wa Chuno
Ni kanga sio kangaa 😄 ila umeongea. Na mimi nateseka, napaka mekapu nusu siku halafu mtu anabonyeza priseti yake kazi yangu yote inakuwa matope.

#22 Mwanasheria Uchwara
Mnachanganya vitu viwili. Kisheria wazo halina mwenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda picha uliyopiga, sio wazo la kurusha shela. Ukichukua faili la mtu ukalifuta jina hapo umeingia kwenye kosa, COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Ukimsimamisha bibi harusi wako palepale ukapiga mwenyewe, hujaiba.

Lakini msijiachie sana. Uingereza 2012 kuna kesi, mtu alikuwa na picha ya basi jekundu la London linapita daraja la Westminster, basi tu ndo lina rangi, vingine vyote nyeusi na nyeupe. Kampuni ya majani ya chai ikatengeneza picha yake yenyewe, basi jekundu, Bunge nyuma, rangi vilevile, ili isimlipe. Mahakama ikasema mmekopi. Hawakugusa faili la yule mtu wakuu, walitengeneza ya kwao.

#23 Mpingo Mkavu
Kwahiyo huko Uingereza studio za Mikindani zote ndani?

#24 Mwanasheria Uchwara
Ile ilikuwa mahakama ya kule na hata wanasheria wenyewe walibishana sana. Kwetu sijaona. Ada ya ushauri nitumie kwa M-Pesa.

#25 Msomi wa Jioni
Mmesahau kisa kitamu kuliko vyote na kinatuhusu. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa ambaye kila kozi ya picha lazima imtaje, alisomea uchoraji. Miaka ya mwanzo ya 1930 akaona picha ya Martin Munkácsi, Mhungari, vijana watatu weusi uchi wanakimbilia majini, wametoka vivuli vyeusi na povu jeupe. Picha inaitwa ya Ziwa Tanganyika! Mwenyewe alikuja kusema picha ile ndo iliyomwasha. Sasa angalia 1932, anapiga yule mtu anayeruka dimbwi nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare, Paris. Maji yapo, kivuli cheusi kipo, mguu hewani upo. Hakuna mtoto, hakuna ziwa. Kakopi nini hapo? Kakopi sekunde.

#26 Tunduru Moja Tu
Samahani mimi tena. Hiyo ya Ziwa Tanganyika ina utata, kuna sehemu picha hiyohiyo inaandikwa Liberia, na Munkácsi Liberia alifika kweli. Liberia ina bahari. Ukiliangalia lile povu nyie watu wa pwani mnaonaje, hilo ni wimbi la ziwa?

#27 Bamvua Kuu
Nimetoka kuitafuta sasa hivi. Wimbi hilo ni la bahari ndugu yangu. Ingawa Kigoma upepo ukivuma nako kunachafuka, simkatalii mtu.

#28 Ngalawa Haina Breki
Tunduru kamnyima Mtwara Tingatinga, kainyima Kigoma ziwa, kesho atatuambia Kilwa iko Songea

#29 Babu Filamu
@Msomi hiyo "kakopi sekunde" maneno matamu ila ni ya kitabuni. Mtu haigizi sekunde. Alikuwa na kamera ndogo ya Leica mkononi, bila hiyo angebaki na hamu yake. Sisi tulikuwa na bokisi la miguu mitatu na kitambaa cheusi kichwani, mtu akiruka dimbwi tunamwambia rudi uruke tena. Nusu ya mnachokiita staili ni chombo ulichonacho.

#30 Kangomba Mstaafu
Mi nina wazo, wanaotaka picha ambazo hakuna mwenye nazo waende jandoni na unyagoni. Hutakuta kwenye mtandao wa picha wa Pinterest.

#31 Dada wa Chuno
Kangomba hapana, na usirudie. Hakuna mwenye nazo kwa sababu HAZIPIGWI. Siku wali, yaani watoto waliochezwa, wanatoka, wamevishwa, wametiwa mafuta, wanatembezwa mtaani na ngoma watu wanawatunza hela, hapo piga mpaka betri iishe, wenyewe watafurahi. Ya ndani ni ya ndani. Upekee gani wa kumuaibisha mtoto wa mwenzio.

#32 Mpingo Mkavu
Namuunga mkono dada. Huku Newala ukikutwa unachungulia na kamera hiyo lenzi utaimeza.

#33 Kangomba Mstaafu
Basi yaishe, nilikuwa nachokoza uzi.

#34 Dogo wa Pili
Shikamooni wakubwa. Mwalimu @Korosho_Mbichi mimi ndo yule wa pili, nimetumiwa huu uzi na mwenzangu anacheka.

Naomba nijitetee. Vile vichwa nilikata makusudi. Nilikwenda kwa kina mama wanaobangua korosho kwa mkono pale mtaani kwetu. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua, wanajipaka majivu kabla ya kushika, vidole vimekuwa vyeusi mpaka kwenye kucha na vingine ngozi imebanduka, halafu katikati ya vidole hivyo inatoka korosho nyeupe haina hata alama. Nilikuwa napiga mikono. Ningeweka na sura mngeangalia sura. Mwalimu ukaangalia ukasema mbona hawana vichwa ukanirudishia.

Na kuhusu kutoangalia picha za watu, sio majivuno. Nikiangalia nyingi naanza kuona kila kitu kama nimeshakiona, hata kamera siinyanyui.

#35 Ngalawa Haina Breki
Hapa pamenoga, naleta mkeka

#36 Korosho_Mbichi
Dogo mikono nimeiona na wazo ni zuri, nilikwambia. Nilichokataa ni kwamba zile korosho zimeungua, pale panapotakiwa kuonekana korosho pana doa jeupe halina umbo. Unataka tuone weupe na weusi kwa pamoja na hujui kupima mwanga. Ungekuwa umefuatisha hata picha moja ya mtu aliyepiga mkono mweusi umeshika kitu cheupe ungejua unapimia wapi.

#37 Mpingo Mkavu
Jamani si ndo nilichosema tangu #3? Mwalimu kahamia upande wangu bila kuaga 😂

#38 Korosho_Mbichi
Sijahama. Kufuatisha mwanga na kufuatisha pozi ni vitu viwili.

#39 Priseti Sio Dini
Dogo, piga faili ghafi (RAW) linalobaki na mwanga wote, usipige JPEG iliyobanwa, pimia kwenye korosho yenyewe halafu ongeza kidogo kidogo mpaka kabla haijaungua, mikono itatoka giza, utaivuta kwenye kuediti. Au wahamishie kina mama kwenye kivuli cha baraza, jua lisiwapige moja kwa moja, tofauti itapungua.

#40 Dada wa Chuno
Kuwahamisha wanaacha kazi, wanalipwa kwa kilo hao. Ahame yeye. Na dogo, uliwaomba? Uliwapelekea picha?

#41 Dogo wa Pili
Niliwaomba dada. Picha nimewaonyesha kwenye simu, mmoja kaniuliza sasa mimi ni yupi hapa.

#42 Dada wa Chuno
Ona sasa. Mpige na sura umpe ya kwake aweke ukutani, mikono baki nayo wewe.

#43 Babu Filamu
Huyo mama kauliza swali kubwa kuliko uzi mzima.

#44 Msomi wa Jioni
Kuna msanii Mmarekani Sherrie Levine, 1981 alizipiga picha upya picha za mpiga picha Walker Evans kutoka kwenye katalogi, hakuongeza kitu, akazitundika kama kazi zake na ikahesabika sanaa. Hapo kwenye kukopi kamaliza kila kitu. Nawaachia.

#45 Kangomba Mstaafu
Huyo angekuwa Mtwara angepigwa mawe.

#46 Mpingo Mkavu
Huyo angekuwa Mtwara angekuwa na studio tatu.

#47 Mtu wa Kitunda
Nje ya mada kidogo wakuu, lenzi yangu imeanza kuota ukungu kwa ndani, utando kama wa buibui, hewa ya bahari imeniweza. Mchele kwenye kopo nimejaribu wapi. Nani anajua fundi huku kusini?

#48 Priseti Sio Dini
Mchele unakuongezea vumbi tu. Tafuta vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kopo lenye mfuniko mgumu, ukiona vimechoka badilisha. Ukungu ulioshaingia mpaka ifunguliwe.

#49 Ngalawa Haina Breki
Mi nauza lenzi ya 50mm, ina ukungu kidogo pembeni, bei maelewano, haionekani kwenye picha

#50 Kangomba Mstaafu
@Ngalawa hapo kwenye "kidogo" ndo pa kuogopa. Tuma picha ya hiyo lenzi.

#51 Ngalawa Haina Breki
Nitaipiga na nini na lenzi yenyewe ndo hiyohiyo moja